Wahusika wangu wanaonekana wamebandikwa: nitengeneze seti gani?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, nipo Tanga. Natengeneza hadithi ya picha kwa DAZ Studio, programu ya kupanga watu na mandhari za 3D na kuzipiga picha, kuhusu familia moja ya Ngamiani: bibi, binti yake anayeuza maandazi, na mjukuu aliyerudi kutoka Muscat. Sura na nguo zao nimezipatia. Shida ni mahali pa kuwaweka. Seti za bure nilizozipata ni majiko ya Wamarekani na makasri ya Ulaya. Nikiweka nyuma yao picha niliyopiga mtaani kwa simu, wanaonekana wamebandikwa. Nilijaribu kupakia seti ya mji mzima, na kompyuta yangu (kadi ya michoro ina GB 4) ikachukua usiku kucha kwa picha moja. Je, wahusika wangu ndio wabaya? Ninunue seti au nitengeneze? Nikitengeneza, nianze na wapi? Kuna rafiki pia amenipa seti alizozichomoa kwenye gemu, ni nzuri sana."*

Marahaba, mwanangu. Maswali yako yanaonekana mengi lakini shina lake ni moja: umeshapata watu, sasa hawana pa kukaa. Na nasema "kukaa" kwa maana yake ya kawaida kabisa, makalio juu ya kitu. Seti inayokufaa ni ile inayompa mtu wako kitu cha kukalia, kuegemea, kushika na kuinamia. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya gharama na mzigo wa kompyuta itakuondokea, kwa sababu utaacha kutafuta mji na utaanza kutafuta mahali.

Wahusika wako si wabaya. Mtazamaji hamwamini mtu wa pichani kwa uso wake peke yake, humwangalia pale anapogusana na dunia. Unyayo ukikanyaga sakafu, chini yake hubaki kivuli chembamba ambacho ni cheusi kuliko vivuli vingine vyote. Mtu akikaa, paja hutandazika na kanga hujikunja mahali ilipobanwa. Akiegemea ukuta, bega hupanda. Picha ya simu uliyoiweka nyuma ni kama pazia tu. Haipokei kivuli wala haimkingi mtu jua, kwa hiyo kila mguso unakosekana. Jambo hili huwapata hata watu wenye wahusika wa gharama kubwa.

Kuna kosa moja dogo linalozidisha tatizo, na wengi hawalijui. Amri ya Ctrl na D humshusha mhusika hadi kwenye kimo cha sifuri cha programu, si hadi kwenye sakafu ya seti uliyopakia. Kama sakafu hiyo imeinuliwa sentimita tatu, nyayo zitazama; kama iko chini, mtu ataelea. Weka kamera usawa wa kifundo cha mguu, sogeza karibu, umshushe kwa mkono mpaka kisigino kiguse. Ni kazi ya dakika moja kwa kila mtu na usiiruke hata siku moja.

Sasa hiyo picha ya simu. Si lazima uitupe, ila ina masharti mawili. La kwanza ni lenzi. Kamera kuu ya simu nyingi huona upana kama wa lenzi ya milimita 24 hadi 28, wakati kamera ya DAZ Studio huanza na milimita 65. Umemchukua mtu aliyetazamwa kwa jicho jembamba ukamweka kwenye mtaa uliotazamwa kwa jicho pana. Fungua taarifa za picha kwenye simu, soma milimita zilizoandikwa kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, uzihamishie kwenye kamera ya programu. Sharti la pili ni kimo. Penye ardhi tambarare, mstari wa upeo hupita usawa wa jicho la kamera. Kama ulipiga ukiwa umeshika simu sentimita 150 kutoka chini, mstari huo humpita kila mtu kwenye sentimita 150, awe karibu au mbali. Binti wa sentimita 165 atapitwa usawa wa pua. Ukimweka ukaona mstari unampita kiunoni, umemfanya jitu.

Halafu jua. DAZ Studio ina mfumo wa jua na mbingu unaokuruhusu kuandika latitudo, longitudo, tarehe na saa. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta na nyuzi 39 mashariki, kwa hiyo latitudo yako ni -5. Jua letu la adhuhuri haliteremki chini ya nyuzi 60 mwezi wowote wa mwaka, na kivuli cha mtu mzima saa hiyo hakivuki mita moja. Ukipiga picha ya mchana wa Ngamiani yenye vivuli virefu vya kulala, msomaji wa Tanga hatajua kilichokosewa lakini ataona si kwao. Angalia na saa pia: saa 11 jioni yetu, kwenye programu ni 17:00.

Umeuliza kwa nini seti zote ni za Wamarekani, ingawa hukuuliza hivyo moja kwa moja. Kazi hii ilianzia kwao. Poser, programu iliyoufungua mlango, ilitoka mwaka 1995. Aliyeibuni, Larry Weinberg, alitaka mbadala wa yule mtu wa mbao ambaye wachoraji humpinda viungo. DAZ nayo ni kampuni ya jimbo la Utah. Waliotengeneza seti walitengeneza nyumba walizozijua: dari ya chini, kuta nyembamba, dirisha la kupandisha, soketi ya matundu yao. Nyumba zetu zina nondo madirishani, neti juu ya kitanda, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa. Hata ukibandika picha ya kanga ukutani, jiko la Ohio linabaki la Ohio.

Kuhusu usiku kucha kwa picha moja, hapa kuna dhana ya kurekebisha. Watu hutazama ukubwa wa faili kwenye diski wakadhani ndio mzigo. Zile picha zinazobandikwa juu ya maumbo ili yafanane na ngozi, mbao au chokaa, sisi huziita teksicha. Teksicha ya pikseli 4096 kwa 4096 inaweza kuwa MB 3 kwenye diski kwa sababu imebanwa. Ikiingia kwenye kadi hukunjuliwa: pikseli karibu milioni 17, kila moja baiti tatu, jumla karibu MB 48. Mtu mmoja mwenye teksicha 20 za namna hiyo anakaribia GB 1 kabla hujamvisha. Weka watu watatu na mji mzima, GB 4 zako zimekwisha. Iray, injini inayopiga picha ya mwisho, ina njia zake za kubana teksicha, lakini ikishindwa kuyaingiza yote huiacha kadi na kuhamia kwenye prosesa, na hapo ndipo dakika kumi zinapogeuka usiku mzima. Hakuna kilichoharibika kwenye kompyuta yako.

Dawa yake ni rahisi. Teksicha ya kila kitu kilicho mbali na kamera ishushe hadi 2048 au hata 1024. Kutoka 4096 kwenda 2048 mzigo unabaki robo. Uso wa bibi uache na ubora wake. Ukuta wa jirani hauhitaji. Kitu kinachojirudia, kama matofali ya urembo au viti vya plastiki, usikinakili, kirudie kwa nakala rejea, ile ambayo programu hubeba umbo moja na kulionyesha mara hamsini. Na kisichoonekana kwenye kamera, kifute. Usiwe na huruma nacho.

Sasa nianze na wapi, ndilo swali ninalolipenda.

Anza na uani. Hadithi yako ni ya Ngamiani, basi unaijua ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: baraza mbele, mlango, ukumbi umekata katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma mlango wa kwenda uani penye jiko, choo na stoo. Mchoro mmoja huo una mahali panne penye hali tofauti kabisa. Barazani mtu yuko hadharani, kila apitaye humsalimu. Ukumbini kuna giza katikati na mwanga miisho yote miwili, kwa hiyo anayeingia huonekana kivuli kabla ya kuonekana uso. Chumbani ni siri. Uani ni kazi na maneno ya ndani. Huhitaji mji kabisa. Nyumba hii peke yake inabeba hadithi nzima ya bibi, binti na mjukuu.

Uani wenyewe ni kuta tatu na ardhi. Ukuta mmoja usipigwe lipu. Kamba ya nguo ipite juu, maana nguo zilizoanikwa hukupa vivuli vinavyotembea na kitu cha mtu kupita chini yake akiinama. Weka pipa la maji, jiko la mkaa, mkeka, mlango wa bati wa choo. Na weka mbuzi ya kukunia nazi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye hiyo mbuzi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ninachokisema. Kibao chake kiko chini sana, kama sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini. Mtu akikikalia, magoti hupanda kuliko kiuno, mgongo huinama, viwiko huja karibu na magoti. Mbele yake kuna ule ulimi wa chuma wenye meno, chini yake sinia inayopokea nazi. Mikono yote miwili imeishika nusu ya nazi iliyokomaa ikiizungusha. Sasa mjukuu ametokea mlangoni kutoka Muscat na begi lake. Bibi hawezi kunyanyua mikono, hawezi kusimama haraka. Kinachogeuka ni shingo tu. Umepata picha ambayo kochi la Kimarekani haliwezi kukupa, na hukuhangaika kubuni mkao wowote. Kibao cha sentimita 15 kimekupa. Kitengeneze kwa Blender, programu ya bure ya kuunda maumbo ya 3D, jioni moja, ni mbao mbili zinazokingamana na kipande cha chuma. Kipime kile cha nyumbani kwenu, usikisie.

Baada ya uani, tengeneza duka la mtaa usiku. Hili ni jepesi na lina nguvu kuliko ukubwa wake. Ukuta mmoja, dirisha la wavu wa nondo, tundu dogo la kupitishia pesa, nyuma yake rafu. Taa iko ndani, mteja yuko gizani nje. Mwanga unapita kwenye wavu na kuuchora uso wa mteja kwa miraba. Muuzaji haonekani vizuri, mteja anaonekana nusu. Kama binti wa maandazi anakopa unga na hataki watu wajue, hapa ndipo mahali pake. Rafu za nyuma usizijaze bidhaa za umbo kamili. Picha moja bapa ya rafu, iliyotiwa ukungu kidogo na kina cha lenzi, inatosha kabisa.

Daladala ni seti nzuri ila iache mpaka uwe umezoea, viti vyake vinabana na magoti ya watu hupenyana na siti kila mara. Pwani nayo usiitafute maji yakiwa yamejaa, maana mawimbi ni kazi ngumu. Tengeneza wakati wa kupwa: mchanga bapa wenye unyevu, ngalawa moja imelala ubavu, mikoko mbali. Na Muscat usiijenge. Mjukuu akipiga simu ya video kutoka kule, ukuta mweupe, dirisha moja lenye mwanga mkali na kiyoyozi vinatosha.

Ukitaka siku moja kuingia kwenye nyumba za mawe za Lamu au Unguja, jua kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti huishia pale mti unapoishia. Upana wa chumba ni karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Kuta za mawe ya matumbawe zina unene wa karibu nusu mita au zaidi. Ukijenga ukuta wa karatasi, dirisha litapoteza lile kina lenye kivuli, na hapo msomaji wa Lamu atakuacha.

Hii inaleta shida ya kamera ndani ya chumba. Kuna hesabu fupi: umbali unaohitajika ni upana unaotaka kuuona, mara milimita za lenzi, gawanya kwa 36. Kwa lenzi ya 50, kuona mita 3 unahitaji kurudi nyuma mita 4.2. Chumba cha mita 3 hakikupi nafasi hiyo. Wengi hukimbilia lenzi pana, na pua ya bibi inavimba. Afadhali jenga kila ukuta kama kipande chake, uondoe ule ulio nyuma ya kamera. Ila ukiuondoa kabisa, mwanga wa nje utamwagika ndani na chumba kitapoteza giza lake. Iray ina kifaa cha kukata kiitwacho Section Plane Node: hulifungulia jicho la kamera njia kupenya ukutani, na mna chaguo la kuamua kama mwanga nao upenye hapo. Lizime chaguo hilo, ukuta uendelee kuuzuia mwanga.

Kununua au kutengeneza? Nitakuambia ninavyofanya mimi. Nanunua au napakua vitu vidogo visivyo na kwao, kama ndoo, sufuria, mawe, majani. Natengeneza kuta, milango na sakafu, kwa sababu hizo ndizo zinazosema tuko wapi. Poly Haven hutoa teksicha, modeli na picha za mwanga wa anga bure kwa leseni ya CC0, maana yake unatumia hata kibiashara bila kuomba. Mradi huo ulianzishwa na Greg Zaal wa Afrika Kusini, na nimeutegemea kwa miaka. Milango ya nakshi unaweza kuipata kwa kupiga picha nyingi za simu kuuzunguka mlango na kuziunganisha kwa Meshroom, programu ya bure. Piga siku ya mawingu. Kioo na ukuta mweupe mtupu havitoki, lakini mbao iliyochongwa hutoka vizuri sana. Umbo litakalotoka litakuwa zito mno, lipunguze kabla ya kulitumia. Na mlango ni wa mwenyewe: bisha hodi kwanza.

Zile seti za rafiki yako zilizochomolewa kwenye gemu, zirudishe. Najua ni nzuri. Lakini kilichopatikana bure si lazima kiwe halali, na siku hadithi yako ikipata mchapishaji, ukurasa mmoja wenye mali ya watu unaweza kuzizuia kurasa zote zilizobaki. Niliwahi kurudia sura nzima kwa sababu ya kabati moja ambalo sikuweza kuonyesha lilitoka wapi. Tangu hapo nina daftari: kila kitu kinachoingia kwenye seti naandika jina, nilipokipata, tarehe na leseni. Leseni ya kawaida ya DAZ inakuruhusu kuuza picha ulizozipiga. Kuyatia maumbo yenyewe kwenye gemu kunahitaji leseni nyingine. Wewe unatengeneza hadithi ya picha, kwa hiyo uko salama kwa hapo.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama kompyuta inazima ghafla katikati ya kazi, badala ya kuchelewa tu, huo ni moto au umeme. Mpelekee fundi wa kompyuta unayemwamini aisafishe vumbi na kukagua feni, usiendelee kuilazimisha usiku kucha. Kama mchapishaji amekuletea mkataba, usisaini kabla ya kuupeleka kwa wakili au kuuliza Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Na kwa vipimo vya nyumba, fundi mwashi mmoja wa mtaani atakufundisha ndani ya saa moja kuliko mimi kwa barua kumi: kimo cha baraza, upana wa mlango, bati huanzia wapi.

Kazi yako ya wiki hii ni hii. Chukua futi ya fundi, nenda uani kwenu, pima urefu wa kuta, kimo cha kamba, pipa, mlango wa choo na hiyo mbuzi. Kwenye programu weka kwanza mche mstatili, yaani boksi, wa kimo cha sentimita 200 usimame kama mlango, ili kila kinachoingia ukilinganishe nao. Jenga kuta tatu bila teksicha yoyote, zote kijivu. Mkalishe bibi juu ya kibao, mshushe mpaka aguse, washa jua la -5 saa 17:00, na upige picha ya kijivu tupu. Kama hapo tayari anaonekana amekaa, rangi zitakuja zenyewe. Kama bado anaelea, nitumie hiyo ya kijivu, si ile iliyopambwa, tuione pamoja.